Kaya Moja, Silaha Moja

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila siwezi kulitaja hapa kwa sababu jina lenyewe lipo kwenye kamati. Kamati inaangalia kama linaendana na hadhi yetu. Wakati tunasubiri, tumeambiwa tutumie "Nchi Husika", na mkitaka kucheka chekeni, lakini wimbo wa taifa umesharekebishwa na watoto wa shule wanauimba bila kukosea.

Mimi naitwa Masanilo. Ni Afisa Mwainishaji wa Silaha wa wilaya yetu, na nayaandika haya nikiwa juu ya rafu, katikati ya ngoma ya kwaya na baragumu la kukodi. Nitaeleza nilivyofika hapa rafuni. Mkinionea huruma nitashukuru, ingawa shangazi yangu Sikudhani anasema huruma hiyo imechelewa kidogo.

Mambo yalianza siku majambazi walipoingia nyumbani kwa Waziri wa Usalama, Mheshimiwa Lubele. Waliingia mchana kweupe, kwa kuwa walinzi wake wote walikuwa kwenye semina ya namna ya kulinda nyumba za mawaziri. Walikuwa na bunduki ndefu nyeusi zenye vizuia sauti, wakaondoka na friji la Mheshimiwa likiwa na nyama yake ndani. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa chini ya kitanda akitekeleza majukumu mengine ya kitaifa, kwa hiyo hakuweza kuwahoji.

Jioni alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo wamegusa friji langu, kesho watagusa friji lako. Na wewe usiye na friji usicheke, maana serikali yako ina mpango wa kukupatia la kuguswa. Sheria ni msumeno! Itakata mbele, itakata nyuma, na bajeti ikiruhusu itakata na pembeni!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Sisi watu wa Nchi Husika tuna kipaji hicho. Mtu akituahidi kutukata, tunamshangilia kwanza, halafu ndipo tunauliza atatukata wapi.

Ikaundwa Kamati ya Kuainisha na Kusajili Silaha, nami nikateuliwa kuwa mjumbe kwa kuwa nilisomea ufugaji wa kuku. Mwenyekiti wa kamati alisema kuku na risasi ni jambo moja, vyote hutoka kwa kasi mlango ukifunguliwa. Hakuna aliyebisha, na mimi ndiye niliyebisha kidogo kuliko wote, kwa sababu kulikuwa na posho ya chakula.

Sasa niseme jambo ambalo shangazi hulisema mbele za watu bila kuombwa. Mimi ni mwoga. Tairi la baiskeli likipasuka barabarani, naingia chini ya meza kwanza, maswali nauliza nikiwa huko huko. Bunduki sijawahi kuishika. Kamati ilipofika kwenye kifungu cha maana ya silaha, wajumbe wenzangu walikuwa wamesinzia baada ya pilau, nikaachiwa kalamu. Nikajiuliza, hivi silaha ni nini hasa? Nikajijibu kutokana na uzoefu wangu, nikaandika: "Silaha ni kitu chochote chenye kutoa mlio mkubwa kwa nia ya kutisha."

Wajumbe walipoamka walikisoma kifungu kile, wakatazamana, wakasema hawajawahi kuona maneno machache yenye upana wa namna ile. Bunge lilikipitisha kabla ya chai.

Silaha zikagawanywa madaraja. Daraja la Kwanza ni bunduki za waheshimiwa. Hizo zimetundikwa ukutani juu ya makochi, hazijawahi kulia tangu zizawadiwe, kwa hiyo ni mapambo na hazisajiliwi. Daraja la Pili ni bunduki za majambazi. Hizo zina vizuia sauti, mlio mkubwa hazina, kwa hiyo kwa mujibu wa kifungu changu si silaha, na majambazi walituma salamu za pongezi kupitia redio. Daraja la Tatu ni vyote vilivyobaki, na vilivyobaki ni vya watu wa shamba. Hivyo ndivyo vikaanza kusajiliwa. Tena kila kaya iliruhusiwa kubaki na kimoja tu, na nchi nzima tukabandika mabango ya rangi: KAYA MOJA, SILAHA MOJA.

Kama asante ya kifungu kile, nilipewa wilaya nzima, wilaya ya kwetu. Nyumba ya serikali ilikuwa inakaliwa na kamati inayochunguza nani anakalia nyumba za serikali, kwa hiyo nikahamia kwa shangazi Sikudhani, dada wa marehemu baba yangu. Sensa ilipopita, karani alimuuliza mimi nafanya kazi gani pale nyumbani. Shangazi alimwambia aandike "mlaji".

Ofisini nilikuwa na msaidizi mmoja, Bwana Pendaeli, mtu mpole mwenye upara na kumbukumbu ya kutisha. Alikariri sheria yote, pamoja na jina la mchapishaji. Nilimpenda. Nilimwambia, "Pendaeli, usimwonee mtu haya. Sheria haina shemeji." Aliitikia kwa saluti, nami nikajiona nimelea.

Watu walikuja. Kwaya ilileta ngoma. Wazee wa jando walileta baragumu, wakaeleza kwamba wamelikodi na wangependa lipotee kwa utaratibu na kwa risiti. Mwenye pikipiki alikuja akiisukuma ili isilie njiani. Siku moja akaja mama mmoja akimvuta mumewe kwa mkono wa shati.

"Huyu anakoroma, Afisa," alisema. "Mbuzi wamevunja zizi kwa hofu. Msajilini, mkae naye."

Foleni nzima ilinyamaza kunisikiliza. Nilivaa miwani, ingawa macho yangu ni mazima.

"Mtu anaweza kuwa silaha," nilisema. "Sheria haikumtenga mtu. Lakini lazima awe na nia ya kutisha. Huyu amelala, nia hana. Mrudishe nyumbani."

Watu waliguna kwa kuvutiwa, mama yule akaguna kwa sababu nyingine. Pendaeli aliandika uamuzi wangu kwa mwandiko mzuri akautundika ukutani, nami kila nikipita nikawa naangalia pembeni kana kwamba siuoni.

Wiki ile ile Waziri akapiga simu.

"Masanilo, natafuta wilaya ya mfano. Nataka afisa anayeanza na nyumbani kwake. Nikimpata nitakuja na televisheni, na huyo mtu nitaondoka naye makao makuu, nimpe ofisi yenye kiti cha kuzunguka."

Kiti cha kuzunguka ndio ugonjwa wangu. Nilikaa mdomo wazi nikimfikiria shangazi na gobole lake.

Gobole lile lilikuwa la babu. Halijawahi kuua hata panzi, maana shangazi hatii vyuma ndani, hushindilia baruti na matambara tu. Kazi yake ni moja. Shamba la mahindi la shangazi liko chini ya mlima wa nyani, na nyani wale wana desturi yao. Kila asubuhi jua likishapanda hushuka wakiwa wamepangana, mbele akitangulia dume mkubwa ambaye shangazi anamwita Mwenyekiti, wanaketi ukingoni mwa shamba na kusubiri. Shangazi anapanda dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, anafyatua mara moja. Wakiusikia mlio wanainuka na kurudi mlimani bila kinyongo, kama watu waliojibiwa ofisini kwamba waje kesho. Asubuhi ambayo mlio hausikiki, wanahesabu shamba ni lao. Makubaliano hayo yapo tangu enzi za babu, na hakuna upande uliowahi kuyavunja.

Nilimkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Asubuhi ulishaniamkia. Ukirudia shikamoo mchana, unataka kitu."

"Serikali inaliomba gobole. Ni ukaguzi tu. Likipata cheti cha daraja, linarudi."

"Cheti kinatoka lini?"

"Kamati ikirudi safari."

"Imekwenda wapi?"

"Ng'ambo, kuangalia wenzetu wanavyorudi safari."

Shangazi aliweka ungo chini. "Masanilo, mahindi yameanza kujaza. Siku hizi ndizo za nyani. Mlio ukikosekana, tutakula nini mwaka huu?"

"Shangazi, sheria ni..."

"Sijauliza sheria. Nimeuliza tutakula nini. Maana na wewe unakula. Tena unakula hasa."

Nikamwahidi kwamba mahindi yale nitayalinda mimi mwenyewe, kwa nguvu zote za ofisi yangu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka tai, akaingia ndani, akatoka na gobole.

"Chukua. Ila yakiliwa, nitakuuliza wewe. Kamati siijui."

Nililibeba kwa mikono iliyonyooka, nimelifunika blanketi, nimefumba macho. Nilianguka mtaroni mara kadhaa kabla ya kufika ofisini, na Pendaeli akalipokea kwa saluti.

Kesho yake nyani walishuka, wakaketi, wakasubiri. Shangazi alipanda dungu na debe akaligonga kwa mwiko. Walisitasita, wakaanza kurudi. Kabla hawajafika mlimani, Pendaeli alishafika shambani kwa baiskeli. Aliomba radhi, akapima mlio kwa sikio, akauliza nia, akaondoka na debe.

Asubuhi iliyofuata haikuwa na mlio wowote. Nyani walitazamana, wakamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akasimama na kuingia shambani akiwa ameweka mikono nyuma. Walianza na mistari ya chini. Yeye mwenyewe alipanda juu ya dungu letu, akamenya hindi bichi kwa utulivu, akawa anatupa maganda upande wangu, nilikosimama na shangazi. Nilimwona akichagua lililojaa vizuri na kuacha lenye mapengo. Niliumia sana, niseme kweli. Ule ulikuwa ugali wangu.

"Nyani haoni kundule," alisema shangazi, na hakuwa anamtazama nyani. "Panda dungu, Masanilo. Uliahidi."

Nikapanda na suti yangu. Mwenyekiti alinipisha kwa adabu, akashuka akaendelea chini. Nilianza na matusi. Nilitukana ukoo wao wote, na waliendelea kutafuna. Nikapiga miluzi, mmoja akanijibu. Nikiwa nimekata tamaa, maneno pekee yaliyokuwa yamebaki kichwani mwangu ni ya kazini. Nikajaza kifua.

"Ndugu wananchi!" nilinguruma. "Sheria ni msumeno! Itakata mbele, itakata nyuma! Serikali yenu sikivu inawahakikishia kwamba mchakato umeanza!"

Nyani wakaacha kutafuna. Nilipofika kwenye "mikakati kabambe", wadogo walianza kulia. Nilipotamka kwamba nitakuwa mfupi na nina mambo kumi tu ya kusema, Mwenyekiti aligeuka akakimbia, na kundi zima likamfuata mlimani likikwaana miguu.

Nikaupata wito wangu. Kila asubuhi nilipanda dungu nikahutubia, na sauti yangu ikazidi kunenepa. Mahindi yaliyobaki yakasimama, yakajaza. Shangazi akaacha kuniita mlaji mbele za watu, na jioni moja akaniwekea paja la kuku. Tangu niajiriwe serikalini ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi yenye faida kwa mtu, na niliona raha ambayo kiti cha kuzunguka hakijawahi kunipa hata ndotoni.

Asubuhi moja nilikuwa katikati ya hotuba, nikaona upara unang'aa chini ya dungu. Alikuwa Pendaeli, amesimama kikakamavu, amepiga saluti.

"Mkuu, nimesikia mlio mkubwa kutoka barabarani."

"Ni mimi, Pendaeli."

"Ndiyo, Mkuu. Ndiyo shida yenyewe. Huo mlio, tuuite mkubwa?"

"Mkubwa sana," nilisema, kwa sababu mtu ana fahari yake. "Unafika kijiji cha pili."

"Na nia ilikuwa kutisha?"

"Sasa ulitaka niwabembeleze?"

Pendaeli alishusha mkono. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Basi, Mkuu, nakuomba ushuke. Na nia unayo."

"Wewe! Mimi ni mtu!"

"'Mtu anaweza kuwa silaha. Sheria haikumtenga mtu.' Ipo ukutani, Mkuu. Ulisema vizuri sana siku ile."

Nilikipitia kifungu changu kichwani neno kwa neno, nikitafuta tundu la kutokea. Sikuliona. Kilikuwa kimeandikwa kwa ustadi, na pale juu ya dungu nilijisikia fahari kidogo. Najua mnaisubiri methali ya mchimba kisima. Msijisumbue, shangazi alishaisema, tena kwa sauti ya kutosha kumfanya Pendaeli amtazame mara mbili.

Nilifungwa kibandiko shingoni: "Daraja la Tatu. Hali: kuukuu." Nikawekwa stoo juu ya rafu, jirani na gobole la babu. Tulitazamana nalo siku nyingi. Lilikuwa halina la kuniambia, na mimi Pendaeli alikuwa amenikataza kusema kwa nguvu. Shambani, mlio haukuwepo tena, na shangazi akabaki akiwinga nyani kwa kutikisa khanga huku mistari ya kati nayo ikianza kwenda.

Waziri aliposikia alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alikuja na televisheni, akaandaa sherehe ya kuteketeza silaha zote za stoo hadharani. Kabla ya moto, kila kaya ilitakiwa kuja kuchukua silaha yake moja inayoruhusiwa.

"Huyu hapa," alisema mbele ya kamera, akinigonga gotini kwa fimbo yake, "ndiye mtumishi wa mfano. Alianza na nyumbani kwake, akamalizia na nafsi yake! Nchi ngapi duniani zina mtu wa namna hii?"

Hakuna aliyejua, ila walipiga makofi. Shangazi Sikudhani alikuwa mbele, amevaa kitenge chake cha misiba.

"Mama," alisema Waziri, "kaya yako ina silaha tatu humu ndani. Kwa mujibu wa sheria utachukua moja. Zilizobaki zitaungua kwa heshima."

Shangazi aliliruka debe, akalitazama gobole. Akanitazama mimi. Nilinyoosha tai, nikajitahidi kuonekana mdogo.

"Shangazi," nilinong'ona, "mimi ni damu yako."

"Najua, baba."

"Baba yangu ni kaka yako wa tumbo moja."

"Najua. Na yeye alikuwa vivyo hivyo."

Akasogea karibu na rafu akanishika mguu. Mkono wake ulikuwa mkavu kwa kushika jembe. "Mheshimiwa," alisema bila kugeuka, "huyu mwanangu msimdharau. Amenilindia shamba. Nyani wanamwogopa kuliko walivyoliogopa gobole, na anafika mbali zaidi. Baruti hataki, matambara hataki, hata mvua ikinyesha analia."

Moyo wangu ukapanda. Nikaanza kujiandaa kuruka chini.

"Ila mahindi yamebaki kidogo," alisema shangazi, "na gobole halili."

Akalichukua, akaliweka begani, akatoka. Watu wa televisheni walipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa sababu ya mazoea.

Bado sijaungua. Tulitolewa nje, na Mheshimiwa alipowasha kiberiti na kukitupa kwenye rundo la kwanza, baruti iliyokuwa imesahaulika ndani ya gobole la mtu mwingine ililipuka, na mimi na yeye tukakutana chini ya meza kuu. Pendaeli akainama, akamweleza kwa heshima kwamba moto wenye mlio mkubwa una utata kisheria, hasa kwa aliyeuwasha, na akamuuliza kuhusu nia. Sherehe ikaahirishwa hapo hapo. Kamati imekwenda ng'ambo kujifunza moto usio na mlio, nami nikarudishwa rafuni kusubiri matokeo ya safari.

Asubuhi ya leo nilisikia gobole likilia kutoka upande wa mlima. Nilishuka haraka nikaingia chini ya rafu, kama ilivyo kawaida yangu. Nikiwa huko nikawafikiria nyani wakiinuka na kurudi walikotoka, na mistari ya juu ya mahindi ikiwa imesimama, nikafurahi mpaka nikaona aibu.

Baadaye mkono ukapenya kwenye nondo za dirisha. Ulikuwa umeshika hindi la kuchoma, bado la moto, limeviringishwa kwenye ganda lake.

"Kula, baba," alisema shangazi kwa sauti ya chini. "Ila polepole. Pendaeli yuko mlangoni."

Nikala punje moja moja, nikitafuna bila mlio.